Ng'ombe wa Andama Ndani ya Kompyuta

Koboko, kule West Nile ya Uganda, ukitoka stendi ya malori ya Oraba ukaelekea msikitini, kuna kinu cha kusaga unga, na ubavuni mwa kinu hicho kuna benchi ambalo sijui kama limewahi kukaa tupu tangu watu warudi kutoka uhamishoni. Ndicho kijiwe chenyewe. Kahawa ni ya Sitti, nyeusi, imejaa tangawizi mpaka inakwaruza koo, na ukilalamika anakuambia kanywe maji. Wenye benchi ni wanne. Andama, mwenye kinu, Mlugbara wa upande wa Omugo, wanamwita Kinu. Kamisi, Mkakwa wa hapahapa, wanamwita Haji, ingawa safari yake ndefu kuliko zote iliishia Yei, Sudani, tena alikwenda mbio. Tombe alikuwa jeshini zamani zile, kwa hiyo ni Sajini mpaka kufa kwake. Wa nne ni Saturnino, wanamwita Redio, maana habari anayoisikia asubuhi ikiwa fupi, ikifika saa sita imekwisha ota mikono na miguu. Ilikuwa Jumanne ya mwaka tisini na nane. Dizeli ilikuwa imekwisha, kinu kimenyamaza, na kwa mara moja watu walisikilizana vizuri. Bora wasingesikilizana.

Andama alikuwa na furaha siku hiyo, furaha ya kuudhi wenzake. Tangu asubuhi alikuwa anasimulia harusi ya mwanawe Kasimiro. Wakwe walikuwa wameshaahirisha mara mbili. Mbuzi waliwapokea, sukari waliipokea, blanketi la bibi walilipokea, lakini ng'ombe wa mjomba hakuwa amefika, na kwa Walugbara mjomba wa binti asipopata ng'ombe wake, binti haondoki, hata kama tumbo limeanza kuonekana. Na tumbo la Drateru, binti mwenyewe, lilikuwa linaonekana. Jumamosi ndiyo siku ya mwisho waliyopewa. Ng'ombe yupo, alisema Andama, yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni, yuko kwa Haji, ananona tu.

Habari ya ng'ombe huyo kila mtu pale aliijua. Mwaka wa themanini, vita vilipoingia, watu wakamwagika barabarani, Andama alimpakia mama yake mgonjwa kwenye baiskeli akimpeleka Zaire. Kwa mkono mmoja alishika baiskeli, kwa mkono mwingine kamba ya mtamba wake mmoja tu. Akaona hawezi vyote viwili. Njiani akakutana na Kamisi anaswaga ng'ombe wake kwenda Sudani, akamkabidhi kamba. Hapakuwa na shahidi wala maneno mengi. Miaka sita baadaye wote wawili walirudi hai, na Kamisi akamwonyesha mtamba yule amekuwa ng'ombe mkubwa mwenye watoto. Tangu hapo Andama hakuona haja ya kumhamisha. Yeye ana kinu, malisho hana. Kamisi afuge, anywe maziwa, ndama wakizaliwa wanaambiana. Mwekundu huyu ni mjukuu wa yule wa kamba.

Kilichobaki kilikuwa kibali. Siku hizi, kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu, humtoi ng'ombe Koboko ukampeleka Omugo kwa wakwe mpaka mradi wa mifugo kule Arua ukubali, na mradi una kompyuta. Aliyeishika kompyuta hiyo ni Obeti, kijana wa nyumbani kwao Andama, amesomea mambo hayo Kampala. Andama alikuwa amempa namba ya hereni ya ng'ombe wiki iliyopita, akalala usingizi.

Pikipiki ya Obeti ilipofika, Sitti alimimina kikombe. Obeti akakikataa. Kijana wa Arua anayekataa kahawa ya bure ana jambo.

— Mzee, shikamoo. Ile kibali imekataa.

— Nani amekataa?

— Kompyuta. Ng'ombe iko ndani, namba iko sawa, rangi iko sawa. Lakini mwenyewe si wewe. Mwenyewe iko Mzee Kamisi.

Macho yote yalimwendea Kamisi, na Kamisi alikuwa na kikombe mdomoni, na kikombe kikabaki palepale. Andama angeambiwa ng'ombe amekufa, angejua la kufanya. Mtu analia, anagawa nyama. Hili hakulijua.

Tombe ndiye aliyeuliza kile ambacho wote walitaka kuuliza: kompyuta ya Arua, ambayo haijawahi kukanyaga kinyesi cha ng'ombe, imejuaje ng'ombe wa nani ni wa nani? Obeti akavuta gogo, akakaa mbele yao, akaanza kueleza taratibu kama mtu anayetaka kuchelewesha jambo.

— Kwanza kabisa tuliandika klasi. Klasi si ng'ombe. Ni maneno ya kuambia mashine: kitu chochote tutaita ng'ombe, lazima kuwe na nini, na kinaweza kufanya nini. Tukaandika: kila ng'ombe iko na namba, iko na rangi, iko na mama yake, iko na mwenyewe. Na kazi zake: kuchanjwa, kuzaa, kuhama, kufa.

— Na hii klasi iko na rangi gani? akauliza Saturnino.

— Haina rangi. Inasema tu rangi lazima iwepo. Klasi hukamui maziwa, Mzee. Iko moja tu. Halafu mpiga chanjo akifika kwa mtu, akikuta ng'ombe, mashine inatoa kitu kimoja kutoka klasi ile, na nafasi zake zinajazwa. Nyekundu, hapo mahali pa rangi. Kamisi, hapo mahali pa mwenyewe. Akikuta mwingine, inatoa kingine. Klasi moja, ng'ombe maelfu, na kila moja na yake. Ukibadilisha rangi ya huyu, ya yule haiguswi.

Tombe akapiga goti. Hilo alilielewa, alisema, hilo ni jeshi mtupu. Kabla hujaandikishwa, askari tayari yuko: ana namba, ana cheo, ana bunduki, ana kazi ya kupiga saluti na kazi ya kulinda geti. Ila hana uso. Wewe ukifika unaleta uso tu. Obeti akakubali kwamba kwa kweli iko karibu sana na hivyo, na hapo ndipo alipokosea, maana Tombe akisifiwa hashikiki. Akasema basi sajini naye ni askari aliyeongezwa vitu, kila afanyacho askari anakifanya, halafu ana vyake juu. Obeti akasema kweli kabisa, ndivyo walivyoandika fahali na mtamba: vyote viwili vinarithi kila kitu cha klasi Ng'ombe, bila kuandika upya, halafu mtamba anaongezewa kazi ya kuzaa. Kazi hiyo walikuwa wameiweka kwenye Ng'ombe mwanzoni, wakakuta kompyuta inasema fahali mmoja wa Lurujo amezaa mara mbili.

Siku nyingine wangecheka mpaka jioni. Saturnino peke yake alicheka, akaacha. Andama alikuwa hasikii kuhusu fahali. Alikuwa anamtazama Kamisi, rafiki yake wa miaka yote hiyo, na Kamisi alikuwa anatazama kahawa.

Saturnino akaanza kwa kuuliza kama yule ng'ombe wa ndani anakula nini. Obeti akasema hali kitu. Saturnino akasema haiwezekani, mbona jenereta ya mradi inanguruma usiku kucha, wanamlisha nini kama si moto wa umeme? Halafu akasogea mbele zaidi. Kama kibali kinatolewa kwa ng'ombe wa ndani, na wa nje anazuiliwa kwa sababu wa ndani amekataa, basi mwenye nguvu ni wa ndani. Huyu tunayemwona kwa Haji anatafuna majani ni kivuli chake tu. Siku Obeti akimfuta wa ndani kwa bahati mbaya, wa nje ataanguka chini zizini na hamtajua kimemuua nini.

— Mzee, hapana, alisema Obeti. Mwezi jana tuliongeza kazi moja kwenye klasi, kupimwa mapafu. Siku hiyohiyo ng'ombe zote za ndani zikawa nayo, za zamani na mpya. Za nje hazikujua chochote.

Bora asingesema. Saturnino alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, na sauti yake ikashuka, jambo ambalo benchi lilikuwa halijawahi kulisikia.

— Umesema nini? Mtu mmoja amekaa Arua, anaongeza neno moja, na zote zinalipata siku moja?

— Zote.

— Basi sikilizeni. Kama wameandika klasi ya ng'ombe, klasi ya mutu wameandika zamani sana. Kule Ulaya. Iko mahali pa jina, iko mahali pa kabila, iko mahali pa nyumbani. Na sisi watu ya West Nile, mwaka ule, kuna mutu aliingiza mkono, akaandika kazi moja: kimbia. Nani alikuambia ukimbie, Sajini? Hukuambiwa. Mimi sikuambiwa. Tuliamka siku moja, zote, miguu inakwenda.

Sitti aliacha kupuliza moto. Ulikuwa upuuzi, kila mtu alijua ni upuuzi, na hata hivyo kila mtu pale aliiona barabara ile tena, magodoro vichwani na watoto wamebebwa kama mizigo, na kwa muda kidogo hakuna aliyeweza kutaja sababu nyingine iliyo bora. Wakati huohuo mama mmoja aliyekuwa anangoja lori la kwenda Arua alikuja akaomba kukaa kwenye pembe ya benchi. Aliweka kapu lake la mbegu za simsim chini, akasema anaitwa Rosa Kiden, ametoka Oraba. Wakampisha, akapewa kahawa, akasikiliza.

Andama ndiye aliyerudisha maneno kwenye ng'ombe. Alimuuliza Obeti, kwa sauti ya upole ambayo ilimgharimu, kwa nini asiingize mkono yeye mwenyewe akaandika Andama mahali pa Kamisi, akamaliza. Ni mtoto wa nyumbani. Jumamosi iko karibu.

— Siwezi, Mzee. Ile mahali pa mwenyewe tumeifunga ndani. Hakuna mtu anagusa kutoka nje, hata mimi. Njia iko moja, ile kazi ya kuhama, na kuhama inauliza kwanza: mwenyewe aliyeandikwa amekubali? Niliandika mimi hivyo, watu ya ofisini wasiibe ng'ombe za watu.

— Na mahali pa anayefuga? Ng'ombe iko yangu, Haji anafuga. Hiyo uliweka wapi?

Obeti alianza kusema kwamba Kampala walifundishwa ng'ombe mmoja mwenyewe mmoja, halafu akasita katikati. Baba yake mwenyewe ana ng'ombe saba na hakuna hata mmoja anayelala nyumbani kwake. Wako kwa shemeji, wako kwa rafiki, mmoja yuko ng'ambo Zaire. Nani asiyejua kwamba ng'ombe wote ukiwaweka zizi moja, ugonjwa ukija au wezi wakija unabaki fukara? Alilijua hilo tangu utotoni. Alikaa miezi akiandika klasi ile na halikumjia kichwani hata siku moja. Alishika paji lake, akabaki hivyo, na mtu angeweza kumhurumia.

— Hakuna, alisema. Hakuna mahali pake.

Ndipo Kamisi alipoweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alianza kwa kumgeukia Andama peke yake.

— Ndugu yangu, unadhani nimekuibia?

Andama alisema anataka tu kujua mpiga chanjo aliambiwaje.

Kamisi akaeleza. Alisema anayefuga ng'ombe wa mtu hasemi mbele ya mgeni kwamba ni wa mtu. Kule Sudani, askari wakifika kambini wakiuliza ng'ombe huyu wa nani, ukisema ni wa rafiki yangu aliyekimbilia Zaire, umekwisha. Ng'ombe wa mtu asiyekuwepo ni nyama. Lazima uruke mbele useme wangu, useme kwa sauti, ushike na pembe. Mara ngapi alisema hivyo hawezi kuhesabu. Aliwaambia askari wa serikali, akawaambia waasi, akamwambia mzungu wa kambi. Mara moja walimpiga kitako cha bunduki hapa begani, na bado akasema wangu. Kama angesema kweli hata siku moja tu, leo Andama asingekuwa na ng'ombe wa kugombania. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuja na bunduki au na kalamu, kwa Kamisi jibu ni lilelile.

Benchi zima lililainika. Tombe akasema huo ndio ukweli wa Mungu, na yeye mwenyewe kama askari alikula ng'ombe wengi wa watu wasiokuwepo, Mungu amsamehe. Andama alijisikia vibaya, vibaya sana, kwa yale aliyoyawaza muda wote uliopita. Alinyoosha mkono akamshika Kamisi goti. Kamisi akasema kesho watapanda lori pamoja mpaka Arua, atasimama mbele ya hiyo kompyuta na kukubali, na ng'ombe ahame. Andama alisita kidogo, maana kupewa ng'ombe wake mwenyewe kama zawadi kulimuuma. Lakini alimfikiria Kasimiro, akamfikiria na mtoto aliye njiani, akasema sawa. Obeti akaomba kile kikombe alichokikataa. Saturnino akaanza kuuliza kama mradi una chakula cha wageni.

— Samahani, wazee, akasema Rosa Kiden.

Walikuwa wamemsahau. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na hakumtazama mtu mwingine ila Kamisi.

— Haji, askari uliwaambia iko yako. Mzungu ulimwambia iko yako. Na watoto wako, kule nyumbani, wanasema ng'ombe iko ya nani?

Lilikuwa swali jepesi. Kamisi angeweza kulijibu kwa neno moja, na Andama alikuwa tayari ameanza kutabasamu akilingoja. Neno halikuja. Andama alimwona rafiki yake akifuta uso kwa kiganja, na tabasamu likamganda mdomoni.

— Siku ya chanjo mimi nilikuwa mazishini, alisema Kamisi hatimaye. Aliyejibu ni Sule, mtoto wangu.

— Ulimfundisha aseme kama wewe, akasema Andama haraka. Si ndiyo? Adanganye kama wewe.

— Sule hakudanganya. Alisema kitu anachojua.

Akaendelea kidogokidogo, kama mtu anayetoa miiba. Sule alizaliwa kule kambini. Macho yalipofunguka aliona ng'ombe na baba yake anasema huyu wangu. Utamnong'onezea mtoto wa miaka minne kwamba si wetu? Mtoto husema, na akisema mbele ya askari mmekufa wote. Kamisi alijiambia atamweleza wakirudi. Wakarudi, akajiambia akikua kidogo. Sasa Sule ana miaka kumi na minane. Yeye ndiye aliyemtoa mwekundu tumboni mwa mama yake kwa mikono yake, usiku, mguu mmoja umekwama. Mwaka jana ugonjwa wa mapafu ulipopita alihamisha mkeka wake zizini, akalala naye mpaka akapona. Kila siku ya Mungu anasema ng'ombe wetu. Na Kamisi anakula chakula, anamsikia, ananyamaza.

Hakuna aliyemlaumu. Andama alitafuta hasira aliyokuwa nayo mwanzoni akaikosa, na alitamani angeipata, maana hasira angejua amwelekezee nani. Huyu mtoto hakumfanyia ubaya wowote. Alimfugia ng'ombe wake, akamponya, na Jumamosi alfajiri watu watakuja na kamba kumchukua.

— Sasa nani atamwambia? akauliza Rosa Kiden.

Lori la Arua likapiga honi stendi. Mama yule alijitwika kapu lake, akashukuru kwa kahawa, akaenda bila kungoja. Tombe alimtazama Saturnino, na Saturnino, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu wamfahamu, aliinamia viatu vyake. Andama alifikiri atasema mimi. Kisha akaiona akilini sura ya kijana yule akiambiwa, akashindwa. Alimgeukia Obeti.

— Mwanangu, hiyo mashine yako. Inaweza kuambia mtoto kitu kama hiki?

— Hapana, Mzee. Hiyo kazi hatukuiandika.

Wakabaki wamekaa, wazee wanne na Obeti, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.